Kubali Yaishe

3 Machi

Mume wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi na watoto hatujambo. Wewe vipi huko kwenye barabara mnayojenga, mgongo umepoa?

Nimepatwa na jambo, nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Jumatano tulichelewa kiwandani tukimalizia sare za shule. Wakati narudi, pale kona ya benki, polisi wakazoa kila mwanamke aliyekuwa anapita. Nikawaambia mimi ni fundi cherehani, natoka kazini. Mmoja akacheka, "Leo wote mnashona." Mkobani wakakuta zile kondomu nilizopewa kliniki kwa ajili ya likizo yako. Basi, ushahidi ndio huo. Nimeshtakiwa kwa kuzurura kwa nia ya ukahaba. Jirani amenidhamini, kesi ni tarehe ishirini. Njoo useme tu kwamba zilikuwa zetu.

Mkeo

9 Machi

Mke wangu,

Barua imefika, mimi mzima, mgongo ndio ule ule.

Msimamizi hatoi ruhusa. Na hata nikija, nisimame mbele ya watu nieleze mambo ya chumbani? Nimemuuliza mwenzetu hapa aliyewahi kufanya kazi mahakamani. Anasema ukikataa kosa, kesi itakokotwa mwaka mzima na jina langu litatajwa kila mara. Ukikubali utapewa onyo, urudi kushona. Funika kombe mwanaharamu apite. Kubali yaishe. Mimi ukweli naujua, inatosha.

Mumeo

22 Machi

Mume wangu,

Habari za kazi? Sisi tunapumua.

Nilikubali. Hakimu aliniuliza mara mbili, "Ni kweli?" Nikasema ni kweli. Adhabu ni kufagia stendi mwezi mzima. Mwenye kiwanda alipita akaniona na ufagio, akamtuma mtu aniambie cherehani yangu imepata mwingine. Binti yetu naye kaniuliza kwa nini nafagia pasipo petu. Nimemwambia ni kazi mpya.

Njoo, hata kwa siku moja.

Mkeo

14 Mei

Mume wangu,

Hujambo? Nimeandika mara nyingi, hujibu.

Jana dada yako alikuja na gari na karatasi ya mahakama, akachukua watoto. Karatasi inasema unataka talaka kwa kuwa mimi ni kahaba niliyekiri mwenyewe. Hukumu yangu umeiambatisha. Leo nimempelekea hakimu ile barua yako ya Machi. Kaisoma yote, akasema, "Mumeo alikushauri tu. Aliyekiri ni wewe." Karani naye kaniambia aliyekiri hana rufaa, labda alalamikie adhabu.

Dada yako kaniambia pia kuhusu yule mpishi wa kambi yenu, kwamba ana mimba yako. Ungenieleza tu. Ningekupa talaka yako, nikabaki na wanangu.

Mama wa watoto wako

2 Juni

Mama wa watoto,

Hatujambo.

Ningekueleza, ungedai nyumba, ungedai matunzo. Sasa umekiri, huna la kudai. Mimi sikukutuma kona ya benki. Watoto wana mama hapa, usiwachanganye.

Baba yao

17 Septemba

Baba wa watoto,

Natumaini mu wazima. Mimi nakuandikia kutoka gerezani.

Nilipata vibarua vya kufua. Nikawa narudi kwa barabara ile ile, maana nyingine hakuna, na polisi yule akanitambua. Safari hii hata mkoba hakuufungua. Kosa la pili halina ufagio, ni miezi sita. Tunalala wengi kwenye chumba kidogo, lakini nipo.

Kwa ajili yangu siombi kitu. Watoto waambie nimesafiri kikazi, nitarudi. Na mdogo hakubali kuoshwa kichwa asipoimbiwa. Mwambie mwenzio.

Mama yao

30 Septemba

Salamu. Sisi wazima.

Umechelewa. Tangu Julai nimewaambia watoto kwamba umefariki. Majirani walikuja kutupa pole, nikazipokea. Mkubwa alilia sana, mdogo hakuelewa. Sasa wametulia, wanakula vizuri.

Ukitoka usije. Utawatisha.

Baba yao