Halake Ameanza Kuniheshimu

Jumanne, baada ya isha

Sasa wamesema ni kansa. Limfoma, ndani ya ubongo, kitu cha nadra. Huyu rika langu Halake hata ugonjwa anataka wa peke yake.

Wanawe walikuwa wanasema ni uzee. Uzee gani huo unakuja kwa pikipiki? Kabla ya Ramadhani alijua alama ya kila ngamia kutoka Merti, na leo anauliza choo cha nyumba yake kiko wapi. Nilipiga kelele mpaka wakampeleka akapigwa picha ya kichwa. Daktari anasema dawa huenda zikamrudisha, kama hatujachelewa.

Sisi tulitahiriwa siku moja, kwa hivyo matusi ndiyo salamu yetu. Leo wodini nikamwambia, "Salaam aleikum, mwizi wa mbuzi. Bado hujafa?"

Akanishika kwa mikono miwili. "Aleikum salaam, mzee. Karibu ukae."

Mzee. Maisha yote hajawahi kuniheshimu. Nikatoka nje, nikajifanya natafuta chai.

Dawa zinaanza kesho. Nitaenda kumtukana kila asubuhi mpaka anijibu. Siku akinitukana, nachinja mbuzi. Wa kwake.