Nilimwekesha Mama Rhobi Kidole kwa Lugha Asiyoielewa

Kwako Mshauri wetu,

Shikamoo. Nimeshika kalamu kwa sababu siku hizi nikifika kazini nakaa dirishani naona kama watu wote wananiangalia mimi, na nyumbani nimeshindwa kusema kwa sababu mume wangu yuko machimboni na tunategemea huu mshahara wangu kulea watoto wawili.

Mimi ni karani wa halmashauri huku Tarime, Mkurya wa kuzaliwa hapa hapa, na tangu dhahabu ipatikane watu wamejaa kutoka kila mkoa, ofisini pia tumeletewa wakubwa wageni, na mkuu wetu, Bwana Athanas, alibandika karatasi ukutani kwamba lugha za makabila ni marufuku dirishani, na sitasema alikosea kabisa kwa sababu kabla yake kulikuwa na karani aliyekuwa akiongea Kikurya na watu wa ukoo wake na kuwapitisha mbele ya foleni huku wengine wanasimama juani tangu asubuhi.

Sasa barabara ya kwenda machimboni ikawa inapanuliwa, ikapita kwenye mji wa mjane mmoja, Mama Rhobi, yaani bomani kwake, mahali alipozikwa mume wake, na ilitakiwa aweke kidole kwenye fomu ya kukubali kaburi lihamishwe, na mimi ndiye niliyemsomea ile fomu kwa Kiswahili, harakaharaka, foleni ni ndefu, na yeye anaitikia tu, "Ndiyo, ndiyo, asante mwanangu," halafu akainama karibu na dirisha akaniuliza kwa Kikurya, "Hii ndiyo ile ya chanjo ya ng'ombe?"

Mshauri, nilimsikia. Bwana Athanas alikuwa amesimama nyuma yangu na nikamjibu yule mama kwa Kiswahili, "Weka kidole hapa," akaweka.

Wiki mbili baadaye alitoka shamba akakuta vibarua wameshafukua, mifupa imewekwa kwenye sanduku jipya, na shemeji yake, Mzee Ryoba, aliita ukoo akasema huyu mwanamke ameuza mifupa ya kaka yangu ili malori yapite, na mama alipoulizwa kama kidole ni chake alisema, "Ni changu, nilikiweka mwenyewe," basi, hakunitaja, hata hajui kwamba kuna kitu cha kunitaja, anadhani ujinga ni wake. Wamemfukuza. Sasa anakaa kwa binti yake aliyeolewa Nyansurura, na ng'ombe zake amebaki nazo Ryoba.

Nilimweleza mwenzangu wa ofisini, Dorka, yeye ni Mjaluo, akasema, "Hata akina mama wa kwetu wanaitikia hivyo hivyo, Elieth. Mtu akisema ndiyo mara tatu ujue hajaelewa." Tangu siku hiyo nikaanza kuwanong'oneza wazee kwa Kikurya, wiki iliyopita nikakamatwa, nimepewa barua ya onyo kwamba naleta ukabila kazini, na Dorka anasema nitulie, kaburi limeshahama, halirudi, nikisema nitafukuzwa na mama yule hatapata kitu.

Je, nitulie? Na kule dirishani niendelee kunong'ona au nifuate karatasi ya ukutani?

Ni mimi Elieth, Tarime.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Elieth. Majina yote nimeyabadilisha, lakini usijifiche nyuma ya hilo.

Nakuonea huruma kwa jambo moja: ulikuwa katikati ya mkubwa na mama wa kijijini kwenu, na mkubwa ndiye anayeandika barua za onyo. Wengi wangefanya ulivyofanya. Ila usiniambie habari ya karatasi ya ukutani. Karatasi ilikukataza kuongea Kikurya, haikukukataza kusema "Hapana, mama, siyo ya ng'ombe." Maneno hayo ni ya Kiswahili na angeyaelewa. Hata hayo hukuyasema, kwa hiyo woga ule ni wako, usiubandike ukutani.

Na huko kunong'ona acha leo. Unanong'ona, Msukuma aliye nyuma kwenye foleni anajuaje kama humpitishi mjomba wako? Kiswahili ndicho kinachotuunganisha na hakuna anayetaka kukiondoa ofisini. Lakini kazi ya ofisi ni mwananchi aelewe anachokiwekea kidole. Soma fomu kwa Kiswahili, kisha irudie kwa Kikurya kwa sauti, mbele ya watu wote, na umwambie mama aeleze kwa maneno yake mwenyewe amekubali nini. Asipoweza kueleza, hakuna kidole. Akija bibi wa Kijaluo, mwite Dorka afanye vivyo hivyo, na foleni ifuate aliyetangulia, awe wa ukoo wako au wa Shinyanga.

Hilo huwezi kulifanya kwa wizi, kwa hiyo mwandikie Bwana Athanas barua. Yeye ni mgeni, hajui kwamba wazee wa huko huitikia kwa heshima hata wasipoelewa. Mwambie. Omba karani anayejua lugha ya mteja aruhusiwe kutafsiri, na kila fomu ya ardhi na makaburi isainiwe pia na shahidi aliyetafsiri. Dorka asaini barua hiyo pamoja na wewe, maana ameona aliyoyaona, na kukushauri utulie hakumtoi humo. Athanas akikataa, nakala mpelekee mkurugenzi na diwani wenu. Unaweza kuhamishwa, unaweza hata kufukuzwa, sikudanganyi. Mwambie mumeo leo, kabla hajasikia kwa watu.

Lakini hiyo ni ya pili. Ya kwanza ni Mama Rhobi. Dorka anasema hatapata kitu. Dorka amekosea. Kaburi halirudi, lakini mama anaweza kurudi kwake, kwenye mji wake na ng'ombe wake, na hapa duniani mwenye ushahidi wa kumrudisha ni mtu mmoja. Jumamosi nenda Nyansurura ukamweleze yeye kwanza, ana haki ya kusikia kabla ya ukoo. Akikutukana, kaa utukanwe. Akikubali, Jumapili baada ya ibada nendeni wote wawili kwa Mzee Ryoba, na aite wale wale aliowaita siku ya kumfukuza, asipungue hata mmoja.

Ukishasimama mbele yao usianze na habari za Athanas, wala barabara, wala dhahabu. Anza na "mimi."