Nimemwonea Wivu Bibi Harusi

Shoga, nimejiaibisha.

Mdogo wangu wa mwisho kaja hapa dukani nimpime gauni la harusi yake. Nikamzungushia tepu kifuani. Shoga, kile kifua ni changu kabisa, changu cha kabla ya kutolewa ziwa.

Wateja wangapi nimewapima tangu nitoke hospitali, na sijawahi kusikia hivi. Lakini huyu ni damu yangu. Wivu ukanipanda kama homa.

Nikakaza tepu. Nikakaza tena.

Akasema, "Dada, unaniumiza."

Unajua nilimjibu nini? "Bora wewe unacho cha kuumia."

Nilisema hivyo. Kwa bibi harusi. Kwa mdogo wangu niliyembeba mgongoni.

Nikajua atalia. Wapi. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, akaniambia taratibu, "Hata mimi nakuonea wivu, dada. Tangu uugue, mama hajaniuliza hata siku moja naendeleaje. Naolewa wiki mbili zijazo, na kila akipiga simu ni wewe umekula nini, wewe umelalaje. Halafu najichukia. Nani anamwonea wivu mgonjwa wa saratani?"

Mimi, shoga. Mimi wa kuonewa wivu.

Nikacheka huku machozi yananitoka. Akanyanyuka kunikumbatia. Unajua ninavyokwepa kukumbatiwa, mtu asije akagusa upande ulio bapa.

Leo sikukwepa. Akalaza kichwa pale pale, na nikamwacha.