Mama Amesikia

Ijumaa jioni, Abu Hamour, Doha

...Mama akapokea simu, na mimi kwa mazoea nikapaza sauti: "MAMA, HUJAMBO?"

"Sijambo. Mbona unanipigia kelele?"

Nilicheka mpaka simu ikaniponyoka. Miaka yote hii nimekuwa nikimpigia Mama mayowe, na Akinyi, mwenzangu wa chumba, hunitania kwamba hata watu wa Umm Salal, nje kabisa ya mji, wanajua habari za ng'ombe wetu.

Kumbe muuguzi wa zahanati ya kijijini amefunzwa kupima masikio. Sikio moja la Mama amelitoa nta, la pili amelivalisha kifaa cha kusikia. Mama alienda na kurudi kwa miguu. Zamani tuliambiwa huduma hiyo ni mpaka Nairobi, naye akakataa katakata. Na mimi niko hapa Doha, muuguzi mzima, nawahudumia wazazi wa wengine, huku mama yangu... Basi.

Kinachonisumbua ni betri. Zikiisha, zahanati itakuwa na nyingine? Nimemwomba dada yangu aulize Jumatatu.

Mama anasema mvua kwenye mabati ni tamu, ila jogoo wa jirani anamkera sana. Halafu akaniuliza:

"Na wewe, u mzima?"

"Mzima kabisa, Mama."

"Mwongo. Umechoka. Nasikia."

Nikaketi kitandani nikamweleza yote: wodi ilivyo, na jinsi ninavyotamani nyumbani. Hakuuliza "Ati?" hata mara moja.