Malsun Hapigi Magoti

Busan, 14 Januari 2013

Kwa mwanangu Haein,

Hujambo huko Seoul kwenye baridi ya kupasua mabomba? Unakula? Usiniambie tambi za kikombe, nitakuja nikuchape mbele ya waigizaji wako. Mimi mzima, ila goti la kushoto sasa linatabiri theluji vizuri kuliko wale wasichana wa televisheni wenye ramani. Nakuandikia kwa sababu simu yako imezimwa tangu vuli, na nimeambiwa waandishi wa tamthilia mnafungiwa ndani kama kuku mpaka mtage. Basi barua nimeiweka kwenye sanduku la chakula, chini ya kabichi ya kimchi. Ikinuka, ujue ni mapenzi.

Nikusifu kwanza, halafu nikugombeze.

Jumamosi na Jumapili jioni biashara sokoni kwetu imekufa. Wauza samaki, wauza mwani, hadi yule mnoa visu asiyesalimia watu, wote wamebanana kibandani kwangu kumtazama Malsun wako kwenye televisheni. Mwanamke aliyetoka kwa mumewe na sufuria kichwani, akafungua kibanda cha odeng! Nani asiyejua kuwa ni mimi? Nikichomeka samaki wa kusaga kijitini, wateja wanapiga kelele, "Malsun, ongeza supu!" Nimeanza kuitika. Mimi, Gu Pilnam, niliyefika Osaka mara mbili na Guam mara moja, ninayeomba punguzo kwa lugha tano, sijawahi kupata sifa kama hizi.

Sasa ugomvi. Kwa nini yule daktari kila akitaka kuongea na mdogo wake Malsun lazima amkamate kifundo cha mkono na kumburuta kama gunia la kabichi? Hana mdomo? Kwa nini msichana wa vibarua vitatu ana koti jipya kila siku? Kwa nini matajiri wanalala na hereni? Na sisi tuliovuka hamsini kazi yetu ni moja tu: kusikia habari mbaya, kushika kisogo, kuanguka kwenye sofa. Mimi habari mbaya nimezisikia maisha yangu yote na sijawahi kuanguka kwenye sofa. Kwanza sina sofa.

Halafu jana, kwenye vile vipande vya wiki ijayo, nimemwona mama mkwe wa Malsun kitandani hospitali, macho ya njano. Ini. Haein, mimi natazama tamthilia tangu televisheni zikiwa na milango ya mbao. Najua mkwe akiumwa ini, nani huombwa atoe lake. Niambie sivyo.

Shangazi yako,
Pilnam

Seoul, 18 Januari 2013

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kimchi imefika, imenuka, nimeila nimesimama mlangoni. Goti vipi? Lipake ile dawa niliyokutumia, usiwagawie majirani. Mimi mzima wa kutosha. Nalala pale nywele zinapogusa meza.

Ni hivyo ulivyoona. Mkurugenzi Tak, mkubwa wa tamthilia hapa kituoni, ameshaamua mwisho. Malsun aende hospitali, apige magoti mbele ya kitanda cha mama mkwe, aombe radhi kwa kuvunja nyumba, atoe nusu ya ini, kisha arudi kwa mumewe. Nikamwambia, "Mume alikuwa anampiga, niliandika mwenyewe sehemu ya tatu." Akaniambia, "Mwandishi Gu, watazamaji wetu ni akina mama. Mwanamke aliyeondoka akirudi, nchi nzima inalala vizuri." Nikamwambia maini ya mkwe na mke wa mwanawe si lazima yaoane. Akasema kwenye tamthilia yanaoana.

Bado haujaandikwa. Hapa kurasa zinatoka asubuhi, zinapigwa picha mchana, jioni zinarushwa hewani. Sehemu ya mwisho ni Jumapili tarehe 24 Februari. Hadi siku hiyo naweza kubishana. Lakini hii ndiyo tamthilia ya kwanza yenye jina langu, shangazi, na nje ya mlango wa Tak kuna foleni ya watu wanaosubiri nikohoe tu.

Ungenionaje kama ningeiandika hivyo?

Mwanao,
Haein

Busan, 21 Januari 2013

Haein,

Hujambo? Umelala? Vizuri, kaa chini.

Ningekuonaje? Nisingekuona. Ningezima televisheni.

Ini langu! Ini hili nimelitia soju tangu nikiwa msichana, ukilitoa nje litaimba lenyewe. Anayelitaka aje na glasi. Lakini magoti? Ngoja nikukumbushe jinsi ilivyokuwa, maana wewe hukuwepo, na baba yako akisimulia huwa anaifanya ionekane msiba.

Niliondoka asubuhi kweupe, mtaa mzima ukiwa nje unatia chumvi kwenye kabichi. Sufuria kichwani, begi mkononi. Mama mkwe, Bi Mok, alitoka jikoni akanirushia upawa. Upawa wa chuma, mzito, wa kuchotea supu ya ukoo mzima. Ukanipita sikioni, ukaanguka mbele yangu. Nikauokota. Nikaukagua. Nikamwambia, "Asante, huu nilikuwa sina," nikautia kwenye sufuria nikaenda zangu kwenye basi. Ndio huo ninaochotea hadi leo. Andika hilo! Mbona hilo hamliandiki? Mwanamke akiondoka kwenye tamthilia zenu lazima mvua inyeshe, piano ilie, akae kwenye kituo cha basi bila mwavuli. Mimi kulikuwa na jua, na nilikula yai la kuchemsha.

Jina langu lenyewe babu yako alinipa ili anayefuata awe mwanamume. Akafuata baba yako. Yaani mimi niliandikwa vibaya tangu siku ya kwanza, mwanangu, na nimekuwa nikijiandika upya kwa mkono wangu, na mwandiko mbaya wa darasa la sita.

Kuna jambo moja tu la kweli hapa. Jinok wa mwani, yule mwenye mashavu mekundu, amehamia kwa dada yake mwezi uliopita. Unajua kwa nini mtu huhama na miwani ya jua wakati wa theluji. Jana kaniuliza, "Shangazi, Malsun atarudi? Mwisho wake huwa tunarudi, eti?" Nilimjibu, "Kula." Jibu unalo wewe.

Shangazi yako,
Pilnam

Busan, 5 Februari 2013

Haein,

Hujambo? Kimya chako ni cha kazi au cha hasira? Masanduku mawili nimetuma, hakuna hata "asante kwa figili". Goti langu zima. Moyo wangu ndio unaochechemea.

Sasa shika kitu imara. Juzi simu imelia.

"Wewe Pilnam!"

"Nani mwenzangu?"

"Mama mkwe wako."

"Sina mama mkwe tangu mwaka themanini na sita."

"Basi ni sauti yake."

Bi Mok! Miaka themanini na tisa, yuko Miryang, meno matatu, na kila jino na ugomvi wake. Anasema kijiji kizima kinajua ile tamthilia ni yetu, na sasa akipita njiani watu wanamwangalia tumboni. "Nilikurushia upawa, sikatai," akasema. "Ulikuwa mrushaji mbaya," nikamwambia. "Nilikulenga kushoto makusudi, mpumbavu wewe. Ningekulenga kichwa ungefika Busan na upara. Lakini ini lako nalitaka la nini? Langu zima, linakunywa makgeolli kila jioni! Mbona kila mwanamke mzee kwenye televisheni ni shetani au maiti? Mwambie huyo mtoto wenu asiniue kabla ya mwaka mpya."

Halafu akashusha sauti. Akasema, "Na mwanangu alikuwa mshenzi. Nilijua kabla yako." Akakata.

Haein, nilikaa kwenye ndoo ya samaki mpaka supu ikaungua. Mimi, supu kuungua! Waulize watu.

Jibu barua.

Shangazi yako,
Pilnam

Seoul, 13 Februari 2013

Shangazi,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya, nimechelewa, na samahani sikuja kuinama mbele ya picha za wazee. Natumaini ulikula supu ya mwaka mpya ukaongeza umri.

Niliandika mwisho wangu. Malsun anafika hospitali akiwa amesimama na anaondoka akiwa amesimama. Nilimwekea hata yai la kuchemsha. Tak aliusoma mbele ya watu wote, kwa sauti ya kike, wakacheka. Kisha akaniuliza mara moja ya mwisho kama nitaandika magoti. Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ndogo sana, lakini nilisema.

Nimeondolewa. Mwingine anamalizia. Magoti yamerudi, ini limerudi, mume anasubiri kwenye korido na maua. Itapigwa picha Jumapili ya mwisho mchana, studio za Ilsan, na kurushwa usiku huohuo. Bi Ban Seolja anayeigiza Malsun alinishika mkono kwenye lifti.

Mwambie Jinok samahani. Sitakuja nyumbani kwa sasa. Naona aibu kupita sokoni.

Mwanao,
Haein

Busan, 16 Februari 2013

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, tena sana. Nimeimba leo, wateja wawili wamekimbia.

Aibu ya nini? Aibu ni kwa aliyesoma kwa sauti ya kike. Baba yako ana kichwa cha jiwe, babu yako alikuwa na kichwa cha jiwe, hatimaye kichwa hicho kimepata kazi ya maana. Nimebandika jina lako ukutani kibandani, juu ya bei.

Sikiliza. Mashabiki wa waigizaji siku hizi hupeleka magari ya chakula studio, na bango kubwa lenye maneno ya kumtia moyo nyota wao, kweli? Basi. Mnoa visu ana binamu mwenye gari la kuuzia vyakula. Mwenzako tangu jana ni rais wa Chama cha Mashabiki wa Ban Seolja, tawi la Busan. Wanachama: mimi, Jinok, mnoa visu, na, usianguke kwenye sofa, Bi Mok wa Miryang, ambaye amesema atakaa mbele na dereva kwa sababu nyuma panamtapisha.

Wewe usifanye lolote. Usije Ilsan, wasije wakasema ni hila yako. Jumapili jioni tafuta televisheni, ukae.

Shangazi yako,
Pilnam (Rais)

Seoul, 25 Februari 2013

Shangazi,

Shikamoo mara elfu. Hujambo? Umelala? Umefungwa? Simu yako haipokelewi, nimeiwasha yangu usiku kucha.

Nilitazama nikiwa kituo cha mabasi, kwenye televisheni iliyoning'inia juu ya dirisha la tiketi. Nilifika pale nikiwa na begi, sijui niende wapi. Watu walikuwa wengi, mwanajeshi wa likizo pembeni yangu anakula tambi.

Malsun akaingia wodini. Muziki ule wa magoti ukaanza, nikaujua. Mama mkwe kitandani, mume mlangoni na maua. Bi Ban Seolja akasogea karibu na kitanda. Kamera ikashuka chini, inamsubiri sakafuni. Inasubiri. Hakuja! Shangazi, kamera ilikaa pale inatazama viatu vyake, kisha ikapanda polepole kama mtu aliyekosea nyumba.

Alikuwa amesimama. Akafungua begi, akatoa upawa wa chuma, akauweka kitandani. Akasema, "Huu ulinirushia. Nimeutumia vizuri. Supu nitakuletea kila wiki mpaka upone. Ini langu libaki kwangu." Akampita mume. Hakuyaangalia hata maua.

Mama mmoja mwenye mizigo akapiga makofi, kisha akapiga mwingine, kisha tiketi zikaacha kuuzwa. Mwanajeshi alikuwa analia juu ya tambi.

Tak amenipigia baada ya dakika chache. "Umefanya nini wewe?" Nikamwambia niko kituo cha mabasi. Akasema hawakuwa na muda wa kurudia, sitaandika tena kwenye kituo chake milele, na atahakikisha wengine wanasikia. Nikamwambia asante. Kwa sauti kubwa, safari hii. Watu waligeuka.

Usiku nimeanza mpya. Ukurasa wa kwanza: mwanamke wa miaka sitini anasikia habari mbaya. Hashiki kisogo. Anauliza, "Nyinyi mmekula?" Sijui nani ataipokea. Naiandika hivyohivyo.

Sasa niambie: ule upawa ulifikaje mkononi mwake?

Mwanao,
Haein

Busan, 2 Machi 2013

Haein, mwanangu,

Hujambo? Sisi wote hatujambo, ila sauti zetu zimepotea kwa kelele, ndiyo maana simu haikupokelewa. Mtu apokee simu aseme nini, abweke?

Ilikuwa hivi. Mlinzi alitaka kutuzuia. Bi Mok akashusha kioo, akamwambia, "Kijana, mimi ndiye maiti wa leo, nimechelewa kazini." Tukapita. Tukafungua bango, refu kuliko gari, Jinok ndiye aliyeliandika: MALSUN, INI LAKO LIBAKI KWAKO. Mafundi wa taa wakala, wapaka poda wakala, hata yule mwandishi aliyechukua kiti chako akala, kichwa chini, nikamwongezea supu kwa sababu alikuwa mwembamba.

Bi Ban Seolja akaja na nguo zake za Malsun. Akasoma bango. Akala akiwa amesimama, vijiti vingi mpaka nikamwonea huruma tumbo. Akasema, "Dada, nimepiga magoti kwenye televisheni tangu nikiwa na miaka ishirini. Nimewapigia wakwe, waume, madaktari, na mara moja mbwa. Magoti yangu ya kweli yameishia kwenye ya uongo." Nikamwambia, "Langu bovu ni la kushoto." Akacheka. Akaniuliza, "Wewe ndiye Malsun?" Nikamjibu, "Hapana. Malsun ndiye mimi."

Akaona upawa mkononi mwangu, na bibi kizee kwenye kiti cha mbele akituangalia. Sikueleza sana. Nilimpa tu. Nikamwambia aliyeurusha ni yule pale, anakunywa supu yangu bila kusema asante.

Hajaurudisha. Usimdai. Nilikuwa nachota supu kwa kikombe cha plastiki wiki nzima, wateja wananicheka.

Jinok amekodi kibanda cha pembeni, chenye mlango wake na ufunguo wake. Miwani ya jua ameiuza. Chumba cha juu kwangu kina meza na dirisha, na jina lako bado liko juu ya bei. Njoo uandike hapa. Atakayekucheka sokoni atakula odeng baridi.

Na jana Bi Mok kashuka tena kutoka Miryang, peke yake, kwa basi. Hakusalimia. Akafungua kitambaa, akatoa upawa mpya wa chuma, mzito, akauweka mezani mbele yangu. Safari hii hakuurusha.

Shangazi yako,
Pilnam