Silikoni ya Bafu Kwenye Tangi la Ndege

Baba yangu,

Ni wiki mbili tangu tukuzike, na bado nina hasira nawe. Nimeona heri nikwambie wewe mwenyewe kuliko kuendelea kuwanunia watu ambao hawajanikosea.

Ile ndege uliiunda miaka sita nyuma ya nyumba zetu za kupangisha pale Riruta, wapangaji wakianika nguo kwenye bawa lake. Nilipomaliza chuo cha ufundi uliniita tuzibe viungio vya tangi la mafuta. Ulikuwa umenunua silikoni ya bafu, ile gundi ya kuzibia nyufa, dukani pale Dagoretti Corner. Nikakwambia petroli itailainisha. Hukuamini, basi nikatia donge lake kwenye chupa ya petroli. Baada ya siku nne likawa limevimba na kulegea kama ugali uliolala majini. Nikakuletea ulione ukiwa unakunywa chai.

"Kama inazuia maji, itashindwa na petroli?" ulisema. "Hiyo course yako imekupea kichwa kubwa. Ingiza mkono, yangu haitoshei hapo."

Nikaingiza. Wewe ni baba yangu, ningefanya nini? Nilipaka kila kiungio vizuri kabisa, nikijua ni kazi bure.

Ukajaza tangi, ukakwangua kadi ya simu, ukamwalika mchungaji aje Jumapili kuiombea. Akaja na kina mama wa kanisa. Wanaume walipoisukuma ndege kuitoa uani, silikoni ikaachia na petroli ikamwagikia viatu vya mchungaji. Watu wakakutazama wewe. Wewe ukanitazama mimi.

"Ni huyu alifunga," ukasema. "Mimi nilimwachia tu."

Nilingoja uniite kando, nikangoja miaka mitatu. Ndege haikuruka, na kila aliyeuliza ulimpa jina langu. Hata kaburini ndugu yako alikirudia kisa hicho, watu wakacheka, wakanipigapiga bega.

Wiki yako ya mwisho hospitalini ulinishika mkono. "Wambui, ile chupa. Ulikuwa right." Nikakuuliza kama utamwambia Mama. Ukageukia ukuta.

Kwa hivyo ulijua. Kukosea ningekusamehe siku hiyohiyo, Baba. Lakini uliniacha nibebe lawama, ukijua.

Pumzika sasa. Jana nilimweleza Mama yote, tangu mwanzo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema si vizuri kumsingizia mtu ambaye hawezi kujibu.

Binti yako,
Wambui