Nani Atatunusa Vidole

Mjukuu wangu Aline,

Huku Gihundwe tuko wazima. Mama yako amevuka mpaka asubuhi kwenda kuuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, Bukavu.

Unaniuliza kama uunge mkono marufuku ya sigara chuoni kwenu. Moshi siupendi. Lakini nilipokuwa nasomea ualimu Bukavu, marufuku kama hiyo ilikuja na wanafunzi wa kutunusa vidole getini. Siku moja walimshika rafiki yangu Furaha, aliyelelewa na bibi yake, koko kama wasemavyo Bukavu.

"Mikono inanuka tumbaku, Maman!" mmoja wao akamwita mkuu wa chuo.

"Ni kiko ya koko. Ni mimi namuwashiaga," Furaha akajitetea.

"Leo kila muntu ako na koko!" Wakacheka.

Lakini Furaha alisema kweli. Kwao mjukuu ndiye aliyevuta kwanza ili kiko kishike moto, kisha akampa bibi kwa mikono miwili. Furaha alifukuzwa. Waliomnusa waliendelea kuvuta nyuma ya vyoo, maana wao hawakunuswa na mtu.

Basi siku ya kura, kabla hujanyoosha mkono, uliza mbele ya wote: nani atanusa, na yeye atanuswa na nani? Wasipojibu, mkono wako ubaki mfukoni.

Bibi yako